Mnasifia spidi ya kudiploi, mbona hamuulizi kuhusu kurudi nyuma?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwenu wote wa chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila barua kwa mhariri ndo naandika mara ya kwanza, na nisingeandika kama siyo ile makala ya ukurasa wa teknolojia kuhusu makampuni yanayohamishia programu zao kwenye klaudi binafsi (seva zao wenyewe) halafu yanaiachia paipulaini, yaani mfululizo wa hatua zinazojiendesha za kujenga, kupima na kupeleka programu, kazi yote ya kudiploi kontena, yaani kuzipeleka zikatumike. Makala nzuri, sikatai, mwandishi kajitahidi kueleza jambo gumu kwa lugha inayoeleweka. Lakini kila aliyehojiwa mle kasema kitu kile kile, spidi. Zamani tulitoa toleo moja kwa mwezi sasa tunatoa kumi kwa siku, developa anabonyeza kitufe anaendelea na mambo yake, hakuna anayegusa seva, na kadhalika. Nimekaa na seva miaka ya kutosha, nikasoma mpaka mstari wa mwisho nikimtafuta hata mtu mmoja aseme toleo jipya likiharibika wanarudi vipi kwenye la jana. Hayupo.

Hiyo ndo hoja yangu yote, mengine ni kuifafanua tu.

Kwanza niwatetee kwenye ile picha. Mliweka picha ya meli imebeba makontena ya bandarini kwenye habari ya kompyuta na najua kuna waliocheka wakasema mhariri hajui ni kontena gani inazungumziwa. Mi naona hamkukosea sana. Tarehe 26 Aprili 1956 Malcom McLean alipakia masanduku 58 kwenye meli inaitwa Ideal X ikatoka Newark kwenda Houston huko Marekani, na meli yenyewe haikuwa na mwendo wowote wa ajabu, ilikuwa meli ya mafuta ya zamani iliyofanyiwa ukarabati. Kilichobadilika ni kwamba sanduku likishafungwa kwa mwenye mzigo halifunguliwi tena njiani, linabebwa zima zima, lori, kreni, meli, kreni, lori, mpaka kwa mpokeaji. Faida ilitoka hapo.

Na kontena ya programu siyo "kompyuta ndogo ndani ya kompyuta" kama mlivyoandika. Ni programu ya kawaida tu ambayo kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wa seva) imeizungushia ukuta isione majirani zake, ikaipimia memori na prosesa isije ikala ya wenzake. Vifaa hivyo vilikuwepo tayari, kile kipande cha kupimia kiliingia kwenye kerneli mwaka 2008, Docker, kifaa cha kutengenezea kontena, ilipokuja 2013 ilichofanya ni kurahisisha namna ya kufunga sanduku na kulisafirisha. Sanduku lenyewe ndo imeji, programu na vyote inavyohitaji vikiwa vimefungwa pamoja, na kila imeji ina alama yake ya kidole, mlolongo wa herufi na namba 64 unaokokotolewa kutoka kwenye vilivyomo ndani, ukigusa hata herufi moja alama inabadilika yote.

Sasa nenda kwenye ofisi nyingi zinazojisifu zina paipulaini ukaangalie wanafanya nini. Wanajenga imeji ya kupimia, inapita testi zote, alafu wakitaka kwenda prodakshen, yaani kwa watumiaji wenyewe, wanajenga nyingine. Kodi ni ile ile (nasema kodi ya programu, yaani maandishi yake, siyo ile ya kulipa) kwa hiyo wanaona ni kitu kimoja, wakati hapo katikati maktaba fulani (kodi ya watu wengine ambayo programu inaitegemea) imeshatoa toleo jipya na bildi ya pili imelichukua bila kuuliza mtu. Kilichopimwa na kilichopelekwa ni vitu viwili. Sanduku limefunguliwa njiani likapakiwa upya, na wewe siku ya matatizo unaapa kabisa kwamba "hii tuliipima".

Na tagi, jamani tagi. Tagi ni lebo ya kubandika, inabanduka, mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kuihamishia kwenye imeji nyingine. Ile "latest" wanayoipenda haina maana ya toleo jipya kuliko yote, ni jina tu linalowekwa usipotaja jina. Kuna na hili ambalo limeniumiza kichwa zaidi ya mara moja, mtu anatoa imeji anaiita v2, anagundua kosa dogo, anarekebisha anaisukuma tena kwa jina lile lile v2. Kubernetes, ile programu inayoendesha kontena kwenye kundi la seva (kundi ndo klasta, kila seva ni nodi), kwa kawaida, kama tagi siyo latest, nodi iliyo na v2 tayari haihangaiki kuvuta tena, inatumia iliyonayo. Kwa hiyo nodi zilizokuwa na ya kwanza zinaendesha ya kwanza, nodi mpya zinavuta ya pili, na mteja mmoja akiburudisha ukurasa mara mbili anaona programu mbili tofauti. Ukiuliza klasta inasema zote ni v2 na haidanganyi. Sisi siku hizi tunatagi kwa namba ya komiti ya Git (Git ni daftari la mabadiliko ya kodi, komiti ni badiliko moja lililoandikwa humo), na rejistri, yaani ghala la imeji, imekatazwa kuruhusu tagi kuandikwa juu ya nyingine, na kwenye faili la kudiploia inaandikwa ile alama ya kidole yenyewe. Inachosha macho kusoma ila usiku wa manane hakuna ubishi kuhusu nini kinakimbia.

Mwandishi wenu alitaja ajali ya Knight Capital, nikafurahi, ila kasimulia nusu. Nusu aliyoisimulia ni sahihi, tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ile ya kununua na kuuza hisa ilipeleka kodi mpya kwenye seva zake 8, fundi akapeleka kwa mkono kwenye 7 akaisahau moja, ile ya nane ikabaki na kodi ya zamani sana ambayo ilikuwa haitumiki, swichi ya zamani iliyopewa kazi mpya ilipowashwa ikaamsha kodi ile mfu na ndani ya kama dakika 45 hasara ikapita dola milioni 440. Watu wote wa otomatiki wanaipenda hadithi hii manake mashine isingesahau seva ya nane. Kweli, isingesahau.

Nusu ya pili ndo inayonihusu mimi. Walipoona mambo yanaharibika walifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya, wakaiondoa kodi mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa sawa ili warudi kwenye hali ya jana. Swichi bado imewashwa. Yaani sasa kodi mfu ikaamka kwenye seva zote 8. Kurudi nyuma kuliongeza moto, na hilo limo kwenye maelezo ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, siyo umbeya. Kwao kurudi nyuma kulikuwa kitendo cha kubuni papo hapo wakati jengo linaungua, hakuna aliyewahi kukifanyia mazoezi, hakuna aliyejua hali ya jana ilikuwa na vitu gani vyote, kodi, swichi, mipangilio. Ukiwapa watu wale paipulaini nzuri kuliko zote duniani bila kuwajibia hilo wangepata hasara ile ile, labda kwa muda mfupi zaidi kidogo.

Niwape na yangu nisije nikaonekana nawanyooshea wengine vidole. Mahali nilipokuwa nafanya kazi tulikuwa na klaudi yetu wenyewe, seva zetu, rejistri yetu ya imeji, kila kitu ndani. Kila komiti inajengwa, kila bildi inaacha imeji, na imeji zinakula diski balaa. Siku moja diski ya rejistri ikajaa, bildi zote zikasimama, developa wakaanza kulalamika, mimi nikaandika kijiprogramu cha usafi, kwa kila programu acha imeji 20 za mwisho, futa zingine. Nikajiona fundi. Kwanza diski haikupungua hata kidogo manake kwenye rejistri tuliyokuwa nayo kufuta tagi hakufuti mzigo, lazima baadaye uendeshe zoezi la kuzoa taka, na wakati linaendelea rejistri inatakiwa iwe ya kusomwa tu la sivyo imeji inayosukumwa muda huo inaweza kuharibika. Haya, nikaendesha, diski ikapumua, nikasahau.

Wiki kadhaa baadaye tumetoa toleo jipya, likaanza kuvuja memori (linaichukua bila kuirudisha), tukasema rudini kwenye la jana, amri moja tu. Podi mbili (podi ni nakala ya programu inayokimbia kwenye klasta) zikarudi vizuri, zilizobaki zote klasta inajibu haiwezi kuvuta imeji, haipo. Haipo vipi wakati ndo iliyokuwa inahudumia watu asubuhi? Kumbe kuna timu ilikuwa kwenye tawi la majaribio inakomiti kama wanalipwa kwa komiti, wakajaza zile nafasi 20 peke yao, usafi wangu ukaifuta imeji ya prodakshen na hakuna aliyeona manake nodi zilizokuwa zinaiendesha zilikuwa na nakala yake kwenye diski zao. Ilipokuja kupelekwa kwenye nodi nyingine ndo tukajua. Tukajaribu kuijenga upya kutoka komiti ile ile, ikakataa kwa sababu maktaba moja ilikuwa haipatikani tena kwa toleo lile. Kilichotuokoa ni zile nodi mbili, tukaingia kwenye moja tukaitoa imeji kama faili tukairudisha kwenye rejistri kwa mkono, sisi ambao tulijisifu hakuna anayegusa seva. Sasa hivi popote nilipo imeji zilizowahi kufika prodakshen zinahamishiwa chumba chao tofauti na usafi kabla ya kufuta chochote unaiuliza klasta kwanza nini kinakimbia.

Hapo ndo pana tofauti ambayo makala haikuigusa kabisa. Ukiwa klaudi ya kukodi, rejistri, vyeti (vitambulisho vya seva), diski, mizani ya kugawa wateja, vyote kuna mtu mwingine asiyelala kwa ajili yako. Klaudi binafsi huyo mtu ni wewe. Vyeti kwa mfano, ukisimamisha klasta kwa kubeadm, kifaa cha kuundia klasta ya Kubernetes, vyeti vyake vya ndani vinaishi mwaka mmoja, ukiwa unapandisha toleo la klasta mara kwa mara vinajihuisha vyenyewe, usipopandisha basi siku ya 366 paipulaini inagonga mlango haifunguliwi na mtu wa kwanza kulaumiwa ni developa aliyekomiti dakika ile. Au imeji za msingi mnazovuta kutoka nje, Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni, ilipoweka kikomo Novemba 2020 asiyejitambulisha alipewa kuvuta mara 100 kwa saa 6 kwa anwani moja, sasa mashine zenu zote za kujengea zinatokea anwani moja ya intaneti, hesabu wenyewe. Weka kache (nakala za akiba) ndani ya rejistri yenu, kila kinachotoka nje kipite hapo kibaki hapo, na faida yake kubwa siyo hata kikomo, ni kwamba siku mnahitaji kujenga upya kitu cha mwaka jana malighafi mnazo ndani.

Kuhusu kijani. Paipulaini ikimaliza inaweka alama ya kijani na kila mtu anaenda kupumzika, lakini kijani hicho mara nyingi kina maana ya kwamba klasta imepokea barua, siyo kwamba imetekeleza. Unatuma maelekezo, Kubernetes inajibu sawa nimeyapata, paipulaini inasema nimemaliza, wakati podi mpya zinaanguka zinaamka zinaanguka. Lazima uiambie paipulaini isubiri mpaka podi ziseme ziko tayari. Na nilishabishana na watu wazima kabisa kwenye hili, Kubernetes hairudi nyuma yenyewe. Podi mpya zikishindwa kuwa tayari inasimamisha zoezi, inaacha za zamani ziendelee, baada ya sekunde 600 kama hujabadilisha namba hiyo inaandika kwamba zoezi halisongi mbele, basi, inakaa hapo inakusubiri. Mtu wa kuamua kurudi ni wewe au paipulaini yako kama uliifundisha. Na hata hiyo "niko tayari" inategemea umeandika swali gani, kuna programu nimeikuta inajibu niko tayari huku haijawahi kuongea na hifadhidata tangu iamke.

Hifadhidata sasa, hapa ndo wengi wanazama. Imeji inarudi, data hairudi, maji yakimwagika hayazoleki. Toleo jipya limekuja limebadilisha jina la safu kwenye jedwali, au limefuta safu kabisa, wewe unarudisha imeji ya jana inaamka inaitafuta safu yake haipo. Paipulaini yako ina kitufe cha kurudi, kinafanya kazi vizuri tu, kinakurudisha kwenye programu ambayo haiwezi tena kuishi. Dawa inajulikana ila inahitaji uvumilivu, ongeza safu mpya bila kugusa ya zamani, toleo linalofuata liandike kote kuwili, hamisha data taratibu, na ukishakuwa na uhakika kwamba hutarudi kule ndo uifute ya zamani, labda wiki mbili au tatu baadaye. Watu wananiambia hiyo ni kazi mara tatu. Ni kweli. Lakini hata bila kurudi nyuma ungeihitaji, manake wakati wa kubadilisha toleo Kubernetes inazitoa podi kidogo kidogo, robo robo kama hujabadilisha, kwa hiyo kuna dakika toleo la zamani na jipya yote yanaongea na hifadhidata moja.

Kuna suala la funguo pia, mtaniwia radhi barua inarefuka. Paipulaini inayosukuma kitu kwenye klasta lazima iwe na ufunguo wa klasta, na mara nyingi wanaipa ufunguo wa kila mlango ili isisumbue. Mwaka 2021 watu waliingia kwenye Codecov, huduma ya kupima testi zinagusa kodi kiasi gani, wakabadilisha kijiprogramu chake ambacho wateja walikuwa wanakiendesha ndani ya paipulaini zao wenyewe, kuanzia 31 Januari mpaka ilipogundulika 1 Aprili kikawa kinakusanya siri zilizomo humo na kuzipeleka nje. Testi zinapita, kijani, hakuna kinachoonekana. Kwa klaudi binafsi mi napenda ile njia ya pili, paipulaini iishie kujenga imeji na kuandika kwenye Git kwamba tunataka toleo fulani, halafu wakala aliye ndani ya klasta, Argo CD au Flux, aje asome na kuvuta. Weaveworks waliipa jina GitOps mwaka 2017. Ufunguo hautoki nje, fayawolo hutoboi, na kurudi nyuma kunakuwa kurudisha komiti, kuna jina la aliyefanya na saa aliyofanya.

Ina ukali wake lakini. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, fundi kweli kweli, programu ikaishiwa memori usiku akaingia kwenye klasta akaongeza kwa mkono, ikatulia, akalala. Hakuandika kwenye Git. Siku hiyo tulikuwa bado na paipulaini ya kusukuma, wiki mbili zikapita ndo toleo jipya likaja, likapita na mipangilio ya Git, memori ikarudi ndogo, programu ikaanguka mchana watu wamejaa. Kikao chote watu wanailaumu paipulaini. Ningekuwa na wakala wa kuvuta aliyewashiwa kujisahihisha marekebisho yale yangefutwa dakika chache tu baadaye, jamaa yuko macho bado, angekasirika, angeandika kwenye Git, angelala. Watu wanaichukia tabia hiyo ya wakala na wanaizima. Mi naiacha.

Kuhusu ajira za mafundi wa seva mliyoiweka kwenye kichwa cha habari sina mengi, kwa niliyoyaeleza hapo juu sijui ni nani anadhani kazi imeisha.

Ombi langu ni moja. Yule bwana aliyewaambia wanadiploi mara kumi kwa siku, mwandishi wenu arudi kwake, siku ya kazi, saa za kazi, amwombe arudishe toleo la jana la programu yake moja mbele yake, hapo hapo, bila kujiandaa. Aangalie kama anajua ni imeji gani, kama imeji bado ipo, kama hifadhidata inaikubali, alafu atuandikie ilichukua dakika ngapi. Akikataa kufanya, hilo nalo liandikwe.

Wenu,
Fundi wa seva, msomaji wa ukurasa wa teknolojia